Kiingereza kwenye buletini 72%, mdomoni sifuri: wazazi wa Lubumbashi tunalipia nini?

Jamani, leo sina salamu ndefu. Makuta yetu, pesa zetu, yanaliwa mchana kweupe, na yanaliwa kupitia somo moja linaloitwa Kiingereza. Mwenye mtoto sekondari hapa Lubumbashi anajua ninachosema, ila tumezoea kunung'unika sebuleni tu.

Binti yangu yuko mwaka wa nne wa humanite, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, Exetat, mtihani wa taifa, iko mbele yake. Buletini yake, ripoti ya shule, kwa Kiingereza inasema asilimia 72. Mimi nikavimba kichwa kama baba yeyote. Juzi akaja mgeni wangu kutoka Kitwe, Zambia, tunafanya naye biashara ya spea, mtu ambaye Kifaransa hajui na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Nikamwita binti: njoo uzungumze na mgeni, mimi nitafute risiti. Akamtolea salamu ya asubuhi na jua linazama. Mgeni akamwuliza anasoma nini. Kimya. Akamwuliza tena polepole, kama anavyosemeshwa mtoto wa miaka mitano. Binti akanigeukia: "Papa, shiye tunaandikaka tu," yaani sisi huandika tu.

Wanaandikaka tu! Nikaomba daftari. Nawaambia, kaeni chini usiku mmoja mfungue madaftari ya watoto wenu, mtapata presha. Ni maandishi yaliyonakiliwa ubaoni tangu ukurasa wa kwanza. Chini ya kila somo kuna kanuni ya sarufi, na hiyo kanuni imeelezwa kwa Kifaransa! Imezungushiwa mstari mwekundu kwa rula, safi kabisa, mifano miwili, basi, tunaruka somo linalofuata. Neno "school" limeandikwa bila h mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na pembeni mwalimu ameandika "Vu", yaani "nimeona", na kutia sahihi. Amekiona nini?

Nikamwambia binti anieleze ile kanuni ya wakati uliopita. Akaitiririsha kwa Kifaransa bila kukwama, utadhani sala ya Jumapili. Haya, niambie kwa Kiingereza jana ulienda wapi. Akatazama dari.

Sasa fikirini. Mtoto nyumbani anasema Kiswahili, mtaani anaokota Kibemba kidogo. Kifaransa chenyewe bado anakipanda kwa taabu, na ndicho anachofundishiwa hesabu, historia na kila kitu. Halafu lugha ya tatu anaelezwa kwa hiyo ya pili asiyoimudu. Kiswahili ambacho angeelewa mara moja, lugha ya taifa kwa katiba ya Kongo ya 2006, kalasini kinakatazwa kana kwamba ni matusi. Wenzetu wa mkondo wa Latini na filosofia ndio usiseme, wanaongezewa na Kilatini juu, mtoto anapepeta vitenzi vya Warumi na dereva wa lori kutoka Ndola hawezi kumwelekeza njia.

Nikaenda kwa prefe, mkuu wa shule, kwa heshima zote. Jibu: "Papa, programu tunaifuata, na inspekta alipita hapa, hakuna shida." Nikauliza inspekta aliangalia nini. Aliangalia jurunali ya kalasi, fishi za maandalizi na daftari la pointi. Karatasi! Je, alimsimamisha mwanafunzi hata mmoja akamwuliza jambo kwa Kiingereza? Prefe akacheka, kwamba mimi sijui kazi ya ukaguzi inavyokwenda. Basi mimi sijui.

Ila kiini chenyewe kiko kwenye Exetat, tusizunguke. Siku ya lugha Kiingereza kinakuja kwa maswali ya kuchagua: majibu matano, chagua moja, endelea. Hakuna mtu anayemsikiliza mtoto akitamka hata sentensi moja. Kwa hiyo mwalimu mwenye akili anafanya nini? Ikifika katikati ya mwaka anafunga kitabu, anaanza kuwapigisha maswali ya Exetat za nyuma, na kuwapa mbinu: ukiona neno hili kwenye swali, jibu lina herufi zile mwishoni. Watoto wanafaulu. Shule inatundika majina ukutani, tunapiga honi mjini na kumwagiana poda nyeupe kichwani. Nani wa kulalamika?

Nimeacha lililonichoma zaidi. Baada ya yule mgeni, mke wangu akaniambia tumpeleke binti kwenye sentre ya Kiingereza, jioni, dola 15 kwa mwezi. Nikaenda kumwandikisha. Nani yuko mbele ya kalasi? Mwalimu wake yuleyule wa asubuhi! Na huko sentre anazungumza, anawagawa wawiliwawili, huyu muuza duka, huyu mteja, wanabishana bei, akisikia kosa anamrudisha mtu taratibu. Mwalimu mzuri kabisa. Kumbe anajua! Amesoma ISP, chuo cha ualimu, fani ya Kiingereza na Utamaduni wa Afrika, na anajua kufundisha. Asubuhi, mbele ya watoto zaidi ya sabini, anatoa ubao. Jioni, mbele ya kumi na wawili, anatoa lugha.

Nilimvuta pembeni. Hakujificha. Serikali haijamlipa, bado hana namba ya utumishi, anaishi kwa prime, nyongeza tunayotoa wazazi, na hiyo prime inapita mikono mingapi kabla ya kumfikia. "Papa, na sabini nitawasemesha saa ngapi?" Nilikosa la kumjibu, na hasira yangu ikapoteza mtu wa kumwangukia, ndiyo maana naileta hapa. Gratuite, elimu ya bure ya 2019, ilikuwa ya shule za msingi. Sekondari tunabeba wenyewe: minervali (ada), prime, sare, kisha sentre juu yake. Somo moja tunalilipia mara mbili, kwa mwalimu mmoja.

Na hili si jambo la kujionyesha. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haifiki hata kilomita 100 kutoka hapa. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Matangazo ya kazi za migodini yanataka Kifaransa na Kiingereza, na mahojiano mengine yanafanywa kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Vijana wetu wanaingia na diploma yenye pointi nzuri, wanatoka wanatoa jasho.

Mimi sidai miujiza. Interro moja, yaani jaribio, ya kusema kila muhula, iwe na pointi, iandikwe kwenye buletini peke yake ili mzazi aione. Kalasi ya sabini ikatwe mara mbili kwa saa moja ya wiki, nusu waandike uani, nusu waseme. Hilo halisubiri Kinshasa, prefe anaweza kulianzisha Jumatatu.

Wa Bukavu, Goma, Kolwezi, kwenu wanapima kusema, au ni "Vu" na sahihi tu? Na walimu mliomo humu, msipite kimyakimya: lini mwisho mwanafunzi wako amezungumza dakika tano bila kusoma ubao? Jibuni bila kutaja jina la shule. Na yule anayeandaa vidole kuniambia nimpeleke mtoto bweni Zambia, alete na minervali yake kwa kwacha.