Kibali ninacho, bastola ninayo, shabaha bado: nianzie wapi?

Mgeni wa Shabaha:
Habari zenu wakuu. Huu ni mwezi wa nne tangu nipate kibali cha kubeba bastola ya kujilinda. Naiweka kiunoni upande wa kulia, chini ya shati. Uwanjani nimeenda mara sita. Nikiwa mita 7, hata nilenge kwa utulivu, risasi zinapiga chini kushoto ya alama. Natumia mkono wa kulia. Nafikiria kubadilisha vilengeo. Pia kuichomoa kunanisumbua: shati linanasa, na nikiharakisha kidole kinawahi kwenye triga. Hilo ndilo linanitisha zaidi.

Fundi Taratibu:
Ndugu, vilengeo viache kwanza. Chini kushoto kwa anayetumia kulia, mara nyingi ni mkono unaousubiri mshindo: unabana vidole vyote kwa pamoja na mdomo wa bastola unazama kabla risasi haijatoka. Jipime. Mwombe mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi za kweli na za mazoezi zisizo na baruti, usijue zimepangwaje. Ukifika kwenye ya mazoezi, bastola haitalia, na utauona mdomo ukiinama. Mimi nilibisha miezi mizima mpaka nilipojiona.

Dawa yake ni mazoezi makavu, yaani ya bastola tupu, dakika 10 kwa siku. Toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), angalia chemba (tundu inapokaa risasi ya kufyatuliwa), kisha ihakikishe kwa kidole kuwa ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Elekeza kwenye ukuta unaoweza kuzuia risasi. Vuta triga taratibu, moja kwa moja kuja nyuma, kilengeo cha mbele kisitikisike. Ukishamaliza, umemaliza. Usipakie halafu ukasema "ngoja nirudie moja tu". Hapo ndipo risasi hutoka bila kutarajiwa.

Dada Mlenga:
Mimi niongelee kidole. Jeff Cooper, yule mwalimu wa bastola wa Marekani, alituachia kanuni nne za usalama, na ya tatu ni hiyo hiyo: kidole nje ya triga mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha. Kifundishe kulala ubavuni mwa bastola, kwa juu bila kugusa triga, kila unapoishika, hata unapoisafisha. Mkoba wa kiunoni unaobebea bastola nao uwe mgumu, ufunike triga yote. Ule laini wa kitambaa uache kabisa.

Kuchomoa kufanye kwa vipande, bastola ikiwa tupu. Mkono wa kushoto unapandisha shati hadi kifuani, wa kulia unashika mpini vizuri ikiwa bado mkobani. Inyanyue wima, igeuze mbele, mikono ikutane kifuani, ndipo uisukume kwenye shabaha. Kasi itakuja yenyewe. Kuirudisha fanya polepole ukiangalia, maana shati likiingia kwenye triga linaweza kuifyatua.

Mtulivu:
Mkuu, jiunge na mashindano. Kuna mashirika ya mashindano ya kulenga kwa bastola: IPSC ipo tangu 1976, IDPA tangu 1996. Saa ikilia ndipo utajua unachokiweza.

Fundi Taratibu:
Nakubali, ila si sasa. Mtu ambaye kidole kinawahi triga asiwekewe saa. Kwa sasa bora ajifunze kufunga jeraha linalovuja damu, na sheria inamruhusu kufyatua wakati gani.

Mgeni wa Shabaha:
Nimetoka uwanjani. Risasi za mazoezi zilikuwa tano, mdomo umezama mara nne. Vilengeo vinabaki. Mkoba wangu ni wa kitambaa, Dada, na nimeshauvua. Sitabeba mpaka nipate mgumu.