Mrejesho: pikipiki ya injeksheni iliyokuwa inakunywa mafuta

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini pikipiki yangu ya injeksheni (haina kabureta, kompyuta yake ndiyo inapima petroli ya kumwaga kwenye injini) inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu ikishapata moto, hasa nikipanda mlima barabara ya Mbeya kwenda Chunya, wakati asubuhi kwenye baridi kali inawaka vizuri tu.

Mliosema sensa ya joto la injini, ile inayoiambia kompyuta injini ina moto kiasi gani, Mungu awabariki, mlikaribia kabisa. Ukinzani wa sensa hiyo, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, huwa mkubwa injini ikiwa baridi, hushuka kadiri inavyopata moto. Nilipima kwa testa ya umeme: baridi omu (kipimo cha ukinzani) 2,400, moto 300 na kitu. Sensa nzima! Nikafuata soketi yake, pini imeota kutu ya kijani. Kutu inaongeza ukinzani, kompyuta inadhani injini bado ni ya baridi, basi inazidi kumwaga petroli. Plagi ilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni.

Nimesafisha pini, nimefunga plagi mpya. Jana nimefika Chunya bila moshi, gia ya nne mlimani inavuta.

Fundi wa kwanza alitaka ninunue pampu ya mafuta, na hela nilishaanza kukopa. Asanteni sana, ndugu zangu.