Tupeane uzoefu: matokeo yanaposhuka kwenye sekondari ndogo ya kijijini

Chaki: Walimu, tuanze na hesabu yenyewe. Watahiniwa wakiwa 20, kila mmoja ni asilimia 5. Wakianguka wawili zaidi, ufaulu umeshuka kwa 10 na shule inaitwa mbovu. Fungueni karatasi kwanza: swali lipi, kosa gani, wangapi. Huko kwenu kinawaangusha nini hasa?

Bi Hesabu: Msingi! Mtoto hakwamishwi na x. Mpe −3 − 5, ataandika 8, maana amekariri "hasi na hasi ni chanya" ya kwenye kuzidisha. Mpe 1/2 + 1/3, anakupa 2/5. Wiki ya kwanza toeni maswali 10 ya sehemu na namba hasi, bila maksi, mhesabu aina za makosa. Kisha dakika 10 za kila kipindi zirudi huko.

Mzizi: Dakika 10 kati ya 40 ni robo ya kipindi. Silabasi itaisha lini?

Bi Hesabu: Ndugu yangu, utaimaliza wewe, wao wamebaki mada ya pili.

Mzee wa Maabara: Mnagombania hesabu, na maksi zinamwagika kwenye vitendo. Bureti, ile mirija yenye vipimo na koki chini ya kudondoshea asidi, ni mbili, basi mwalimu anafanya mbele, darasa linatazama. Siku ya mtihani ndiyo mtoto anaishika mara ya kwanza. Hajaisuuza kwa asidi yenyewe, maji yaliyobaki yanaizimua. Ameacha hewa chini ya koki. Ikitoka katikati ya kazi, ujazo unasomeka mkubwa kuliko uliotumika. Faneli iko juu bado, inadondosha. Anasomea kwa juu, wakati jicho linatakiwa lilingane na sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa uso wa kimiminika. Fenolfthaleini, kile kiashiria cha kubadili rangi, anamimina, na matone 2 yanatosha! Wafundisheni kwa maji matupu: kujaza, kutoa hewa, kusoma, kudondosha tone moja moja. Wanafunzi 20, bureti 2, dakika 8 kila mmoja: dakika 80, vipindi viwili tu.

Mlezi: Hilo la maji nakubali kabisa.

Mzizi: Mimi nasema dawa ni kambi ya kusoma usiku.

Chaki: Usiku wanasinzia, Mzizi. Bora swali walilokosea lirudiwe baada ya siku 2, kisha wiki, kisha mwezi.

Mlezi: Mzee, na koki ikivuja?

Mzee wa Maabara: Kama ni ya kioo, ichomoe, ikaushe, ipake mafuta ya mgando kidogo sana pembeni. Yasiguse tundu, yataziba.