Mwanangu anataka kutupandisha meli ya starehe Ulaya. Naomba kasoro zake tu

Mwalimu wa Ujiji

Assalaam aleikum na habari za jioni wanajukwaa. Nina swali, na naomba wajibu waliowahi kupanda, siyo walioona kwenye televisheni.

Binti yangu wa pili ameolewa Uholanzi. Mimi nimestaafu ualimu mwaka jana, na baba yao aliacha kuvua siku nyingi kwa ajili ya mgongo. Sasa binti anasema zawadi yetu ni siku saba ndani ya meli ya starehe: tunapandia Barcelona, tunapita Marseille, Genoa, bandari ya Roma, tunarudi tulikotoka. Ametutumia video. Meli ina ghorofa kumi na tano, mabwawa ya kuogelea, lifti za vioo. Mzee wangu tangu juzi anazunguka Katonga na simu mkononi akiwaonyesha wavuvi wenzake.

Mimi moyo unasita. Si kuogopa maji, nimezaliwa nayo mlangoni. Ila kitu kikisifiwa kila upande hivi, najua kuna mahali pamefunikwa. Nikimuuliza binti anacheka tu. Kwa hiyo sifa nimeshazipata, naomba kasoro. Mzee ana sukari, mimi nina presha, kilevi hatutumii.

Kijana wa Kibirizi

Shikamoo Mwalimu. Kasoro ya kwanza: hela hiyo ni injini ya boti, Yamaha 40, na chenji ya nyavu inabaki. Natania mama yangu, nendeni, mtuletee picha.

Karani Mstaafu (Mwanga)

Mwalimu, habari za Ujiji. Mimi na mke wangu tulipanda mwaka 2023, tukilipiwa na mtoto kama ninyi. Njia yetu ilikuwa karibu hiyohiyo, ila sisi tulivushwa hadi Tunis. Kampuni siitaji. Nitasema kasoro kama ulivyoagiza, na ninaomba mke wangu asiione hii, maana yeye alifurahi.

Safari haianzii Barcelona, inaanzia stesheni ya Kigoma. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inaombewa Dar, na vidole vya kuchukuliwa alama huwezi kumpa mtu akupelekee. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Sisi tulikwenda mara mbili kwa sababu taarifa ya benki ya kwanza haikuwa na mhuri. Ada siku hizi ni euro 90 kwa mtu mzima, ukinyimwa hairudi, na juu yake bima ya safari isiyopungua euro 30,000 za matibabu. Jambo ambalo watoto hawalijui: meli ikitoka nje ya nchi za Schengen hata kwa mchana mmoja kisha ikarudi, viza yenu lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Pale Barcelona nilimwona mama mmoja wa Ghana akirudishwa na masanduku yake kwa ajili hiyohiyo. Alikuwa amevaa vizuri sana. Alikaa juu ya sanduku, meli nyuma yake imesimama kama ukuta.

Halafu muulize binti swali moja tu: chumba kina dirisha? Chetu hakikuwa nalo. Vyumba vya katikati ya meli ndivyo vya bei ndogo, na ndivyo watoto wenye mkopo wa nyumba wanavyowakatia wazazi. Ukizima taa ni giza la ndani ya mtungi. Siku ya pili niliamka nikadhani ni usiku wa manane, nikarudi kulala. Kumbe saa nne asubuhi, watu wameshakunywa chai na meli imefunga gati. Upana wake, mke wangu akitaka kwenda msalani mimi nakaa kitandani apite.

Usiku wa kutoka Marseille ulivuma upepo wao wanaouita mistral, unatoka nchi kavu kaskazini na kuichafua bahari. Mwalimu, mimi kusi la Tanganyika nalijua, nimelala juu ya magunia likivuma. Lakini kusi unaliona linavyokuja, unaona maji yanavyobadilika rangi, unajipanga. Mle ndani huoni kitu. Unasikia henga tupu zinagongana kabatini, tak, tak, tak, pazia linaegemea upande mmoja kama mtu amelivuta, na hakuna hata nyota ya kutazama. Roho ilinichafuka kwa aibu zaidi kuliko kwa mawimbi, mtu wa bandari mzima.

Kuhusu “kila kitu kimelipiwa”: chakula kimelipiwa kweli, na utakula mpaka uchoke. Vilivyobaki vinaingia kwenye kadi. Hulipi taslimu popote, unagusa kadi tu, ndiyo maana huoni. Maji ya chupa, kahawa nzuri, intaneti, picha wanazokupiga ukiwa bado hujachana nywele. Bahashishi ya wafanyakazi inakatwa upende usipende, kwetu ilikuwa euro 11 kwa kichwa kila siku. Piga hesabu: watu wawili, siku saba, euro 154 kabla hujagusa chochote. Na simu! Meli ikiacha pwani, simu inanasa mtandao wa setilaiti wa meli yenyewe. Nilimpigia dada yangu Kasulu dakika nne kumwambia nipo baharini. Asubuhi ya mwisho karatasi ya deni ilisukumwa chini ya mlango, nikaisoma nikisimama, kisha nikaisoma nikikaa.

Lakini hayo yote yanavumilika. Lililoniuma ni Roma.

Nilipokuwa mtoto parokiani nilisikia Roma kila Jumapili. Sasa bandari ya Roma haipo Roma, ipo Civitavecchia, kama kilomita 70 na zaidi. Tulifunga gati alfajiri, tukaambiwa saa kumi na moja jioni kila mtu awe ndani. Basi la meli likatuchukua, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, foleni juu yake. Ule uwanja wao wa kale, Colosseum, niliuona nikiwa nimebanwa kati ya mgongo wa Mjapani na mwavuli wa kiongozi wetu. Kanisa la Mtakatifu Petro tulipewa dakika arobaini, nusu yake kwenye mstari wa ukaguzi. Nimepita Roma kama abiria wa treni anavyopita Uvinza. Tena Uvinza unanunua chumvi dirishani, unagombana bei na mtu, anakutukana kidogo, mnacheka. Roma sikuzungumza na Mrumi hata mmoja. Na usijidai kwenda peke yako ukachelewa: basi lao wanalisubiri, wewe hawakusubiri.

Nimefanya kazi ya ukarani wa mizigo miaka ya 1980, nimeshuka ziwa na meli yetu ya Liemba mpaka Mpulungu, Zambia, mara nisizozihesabu. Ulikuwa ukilala? Honi inalia saa nane usiku, mnafika mahali hakuna gati wala taa, mara giza lote linajaa mitumbwi. Watu wanapanda kwa kamba na kuku, mananasi, vitanda, mgonjwa amefungwa kwenye khanga. Kelele tupu. Meli inatakiwa, ndiyo hivyo. Kule tuliingia Genoa na watu zaidi ya elfu tatu ndani, nikasimama kwenye reli ya juu kabisa kutazama nani amekuja kutupokea. Kulikuwa na foko moja inahamisha mapipa.

Hapohapo ndipo nilipopata rafiki wangu mmoja wa safari, mzee Mjerumani, naye alikuwa ameegemea reli kachoka. Nikamwambia kwetu tunayo meli yenu, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye makasha mpaka Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kuingizwa majini 1915. Mkaizamisha wenyewe 1916 Waingereza wasiipate, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Akanitazama kama namdanganya. Kisha akacheka sana, akasema kiwanda hichohicho, Meyer, mpaka leo kipo na kazi yake kubwa ni kuunda meli hizihizi za starehe. Tulikaa mpaka chakula cha jioni kikapita. Euro zote nilizolipa kwenye bili, hiyo ndiyo saa niliyoipata.

Binti Unyanyembe (Tabora)

Shikamooni wazee wangu. Mimi sikupanda kama mgeni. Nilifanya kazi ya kutandika vyumba kwenye meli moja ya namna hiyo, mikataba miwili, kila mmoja miezi minane bila siku nzima ya mapumziko. Baba Karani, hiyo bahashishi mliyokatwa sisi tulikuwa tunaisikia tu.

Mwalimu, nikupe ambayo abiria hawaambiwi.

Ugonjwa wa tumbo. Kuna kirusi kinaitwa noro, kinapenda sana meli kwa sababu watu elfu kadhaa wanashika reli moja na kijiko kimoja. Kikiingia utajua: ghafla hamjipakulii tena chakula, mnapakuliwa, na sisi tunafuta vitasa usiku kucha. Mtu akiugua anafungiwa chumbani kwake, kwa hiyo wengi wanaficha, wanakuja kula hivyohivyo. Ile dawa ya kupaka mikononi mlangoni haikimalizi, kinataka maji na sabuni. Mzee wa sukari akiharisha na kutapika siku mbili si jambo dogo. Daktari yupo, lakini anatoza bei ambayo sitaki kuitamka, na bima unaidai baadaye ukiwa nchi kavu.

Dawa zenu zote, za siku saba na za siku saba nyingine, ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku mnayaacha gatini, yanaweza kuletwa chumbani jioni. Kama mzee anachoma insulini aombe friji ya dawa mapema, ile ndogo ya chumbani mara nyingi inapoza soda tu. Chumvi ya chakula chao itakusumbua wewe wa presha.

Chakula: nyama ya nguruwe ipo kila kona, na koleo moja linahama sahani hadi sahani. Kampuni nyingine zinaandaa halali ukiomba wiki kadhaa kabla, kwa maandishi. Usingoje ufike. Mimi nilikuwa naishi kwa samaki na mayai. Na kibla, mama, hilo lilinitesa. Meli inageuka wakati wewe upo rakaa ya pili. Dira ya simu nayo ndani ya chuma kile inababaika. Nilikuwa natoka deki ya wazi, naangalia jua, nakadiria, narudi chini kusali.

Mwisho, wakiwapa chumba, kisiwe chini ya bwawa la kuogelea. Saa kumi na moja alfajiri ndipo wenzangu wanaanza kuburuta viti.

Mwalimu wa Ujiji

Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimemsomea mzee kwa sauti. Kwenye vijiko alinuna. Kwenye mananasi na mitumbwi alisema, “Huyo karani namkumbuka, alikuwa mkali kwenye mizani.”

Swali moja limebaki. Mwaka 1996 ilipozama meli ya MV Bukoba Ziwa Victoria nilikuwa nafundisha, na siku ile nilikuwa na mtoto darasani ambaye mjomba wake alikuwemo. Hizi kubwa zinazama?

Karani Mstaafu (Mwanga)

Mwambie mzee mizani ndiyo iliyokuwa kali.

Zinazama, mara chache sana. Costa Concordia ilipasuliwa na mwamba pwani ya kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, kwa sababu nahodha aliisogeza karibu mno na nchi kavu. Ilikuwa na watu zaidi ya 4,000, wakafa 32. Tangu hapo zoezi la maboya linafanywa kabla meli haijaondoka, nanyi msilikwepe mkasema mmechoka. Kuzama kusikunyime usingizi. Kinachotokea zaidi ni meli kuruka bandari. Upepo ukizidi nahodha anatangaza tu kwamba leo hatushuki, na mji ule mliousubiri mnauona kwa mbali, au hamuuoni. Kwenye masharti yao wanayo haki hiyo.

Kijana wa Kibirizi

Kwa hiyo injini ya boti bado ipo mezani?

Mwalimu wa Ujiji

Injini sahau mwanangu. Nimezungumza na binti leo. Kishika nafasi ameshalipa tangu Machi na hakirudi, alitaka iwe siri ndiyo maana alikuwa anacheka. Chumba hakina dirisha. Amesema ataongeza hela apate chenye dirisha, nimemkataza, kisha nimemwita tena nikamwambia aongeze. Halali ataandika kesho. Dar tutakwenda mwezi ujao, na taarifa ya benki nitahakikisha ina mhuri.

Mzee yeye ana shida moja tu. Kule bandari ya Roma, kama hatupandi basi la saa moja na nusu, tutakaa wapi mchana kutwa?

Karani Mstaafu (Mwanga)

Kaeni palepale Civitavecchia. Ukitoka getini kuna ngome ya zamani ya mawe, inatazama maji, na ukipita kidogo unafika mjini kwenyewe. Sisi hatukuufika, tuliupita na basi. Nilichokiona dirishani ni wazee wawili wamekaa ukutani wanatengeneza nyavu. Mzee atajua la kufanya.