Watoto kumshika nyoka wa nyumbani: mikono, kizimba na safari ya Desemba

Kutoka: Mama Wawili (Kondele, sasa Leeds)

Hamjambo wote. Baba watoto ameshakubali, nimebaki mimi. Watoto wana miaka 8 na 4, wanataka nyoka. Duka la hapa lina nyoka wa mahindi, chatu wa mpira (yule anayejikunja duara akiogopa), na mjusi mwenye ndevu wa Australia. Naomba vitendo tu: nani amshike, vipi, dakika ngapi, na mambo huharibikia wapi. Mahubiri ya nyoka wa Edeni nimeshayapata kwa simu kutoka Kisumu, asanteni.

Kutoka: Mfugaji (Njoro, sasa Bristol)

Dada, makosa mengi huanzia dukani. Nyoka wa mahindi, licha ya jina, si mtu wa Kitale. Kwao ni kusini-mashariki mwa Marekani. Wazazi humchukua yule kinda wa sentimita 25 wakidhani nyoka mdogo ndiye wa mtoto mdogo. Ni kinyume. Kinda ni mwembamba kama penseli, kila kivuli kwake ni mwewe. Atachomoka vidoleni, atatoa uvundo, na mtoto kwa hofu atambana. Tafuta aliyefika sentimita 70 hivi, aliyezaliwa kizimbani, na mwuzaji akuonyeshe rekodi ya mlo: alikula lini, panya wa ukubwa gani, alikataa mara ngapi. Akikua atafika sentimita 120 hadi 150 na kuishi miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo wa miaka 8 atakwenda chuo, na kizimba kitabaki chako. Chatu wa mpira ni mtulivu na hana haraka, ila anaweza kususia chakula kwa miezi na kukukosesha usingizi.

Akifika nyumbani, wiki ya kwanza hashikwi na mtu, na hata baadaye asishikwe mpaka awe amekula mara mbili bila kutapika. Baada ya kila mlo, saa 48 za kumwacha. Akiinuliwa na panya bado tumboni atatapika, na hilo humdhoofisha kiasi kwamba utasubiri siku 10 au zaidi kabla ya kumpa panya mwingine, tena mdogo. Macho yakiwa na ukungu wa samawati, anakaribia kujivua ngozi. Haoni vizuri, kwa hiyo mwacheni.

Siku ya kumshika, mtoto aoshe mikono kwanza. Kuosha huku kwa mwanzo ni kwa ajili ya nyoka: mkono unaonuka kuku au hamsta, kwake ni chakula. Mtoto aketi sakafuni, miguu amekunja. Sakafuni, si kwenye kochi na si kusimama, kwa sababu nyoka akianguka kutoka kifuani kwa mtu anaweza kuvunjika mbavu. Mtu mzima ndiye anayefungua kizimba. Kwanza mguse nyoka katikati ya mwili kwa ile roli ya ndani ya tishu ya choo. Ajue si saa ya kula. Kisha muinue kutoka ubavuni kwa mikono miwili. Ukimjia kutoka juu unamwigiza mwewe, na ukimshika shingo au mkia utampa sababu ya kupigana.

Theluthi ya mbele, yenye kichwa, inabaki mikononi mwako muda wote. Mtoto anakunjua viganja kama anayekinga maji, na mwili wa nyuma unapita juu yake. Kazi ya mtoto ni kuwa tawi: nyoka akisogea, kiganja kingine kinatangulia mbele. Mkono unaobana ndio unaoumwa. Dakika 5 zinatosha mara za kwanza, baadaye 10 hadi 15, siku mbili au tatu kwa wiki. Hawekwi shingoni hata akiwa mdogo, hasogezwi usoni, habusiwi.

Mfundishe mtoto neno moja: "Mchukue." Akilisema, unamchukua nyoka papo hapo bila kuuliza. Nawe usingoje neno hilo ukiona shingo imejikunja kama herufi S, pumzi ya kishindo, au ncha ya mkia inatetemeka. Ulimi unaotoka polepole na kurudi ni dalili njema.

Mjusi mwenye ndevu hushikwa kwa kiganja chini ya kifua na kingine chini ya miguu ya nyuma, miguu yote minne ikiwa na pa kukanyaga. Ndevu zikiwa nyeusi, mrudishe. Kwa mtoto huenda ndiye bora, maana yuko macho mchana. Ila lazima apate balbu ya UVB (miale kama ya jua) ya kubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, kwa kuwa miale hufifia kabla ya mwanga. Bila hiyo mifupa yake hulainika.

Kutoka: Muuguzi wa watoto (Kakamega, sasa Minneapolis)

Naungana na aliyetangulia, isipokuwa amemsahau yule wa miaka 4.

Wanyama watambaao (reptilia) hubeba bakteria ya salmonela tumboni wakiwa wazima kabisa. Usidanganyike na cheti cha kipimo: huitoa kwa vipindi, leo hakuna na wiki ijayo ipo. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, inashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge reptilia kabisa, pia yenye mtu wa zaidi ya 65 au mwenye kinga dhaifu. Kwa mkubwa huo ni ugonjwa wa kuharisha siku chache. Kwa mtoto mdogo vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu, hata kwenye utando wa ubongo. Si lazima amguse mnyama. Baba anasafisha kizimba, anafuta mikono kwenye suruali, kisha anambeba mtoto, na mtoto ananyonya ile suruali. Imekwisha.

Ndiyo maana Marekani imepiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wa kufugwa wenye gamba la chini ya sentimita 10. Kobe wa ukubwa huo huingia mdomoni mwa mtoto.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu ni kusubiri wa pili atimize 5. Ikiwa shemeji ameshalipa, kizimba kikae chumba kinachofungwa, mbali na jikoni na mahali pa kulia, na wa miaka 4 aangalie kwa kioo. Wa miaka 8 baada ya kumshika aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, hadi kwenye kifundo na chini ya kucha, wewe ukiwa umesimama hapo. Sanitaiza ni ya kuvushia tu pale maji yalipo mbali. Nyoka akichafua nguo, nguo ibadilishwe kabla ya mtoto kukaa kitandani.

Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6: kuhara, homa, tumbo kusokota. Kinyesi chenye damu, homa ya juu, au mtoto asiyekojoa ni hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari mwenyewe kwamba kuna reptilia nyumbani. Huenda asiulize.

Kutoka: Mama Wawili

Asanteni. Maswali matatu. Panya wanakaa friza gani? Kizimba kinaoshewa wapi, maana bafu ni moja? Na akimuuma mtoto, nifanye nini dakika ya kwanza?

Kutoka: Fundi wa vizimba (Nakuru, sasa Reading)

Nianze na la mwisho, ndilo linalokutisha. Kuumwa na nyoka wa mahindi ni mistari midogo ya damu, hana sumu. Akiachia, osha kwa sabuni. Aking'ang'ania, usivute! Meno yake yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo ukivuta unachana ngozi ya mtoto na kuvunja meno ya nyoka, na jino likibaki ndani ya kidonda huleta usaha. Shika mkono wa mtoto na mwili wa nyoka visipishane, mwagia maji baridi kichwani pa nyoka, au dondoshea tone la siki au sanitaiza pembeni ya mdomo wake. Ataachia. Kisha sabuni na maji, na uangalie kama chanjo ya pepopunda iko sawa. Wekundu ukizidi kuenea kesho yake, nenda kliniki.

Panya: wapate friza yao. Watu watabishana hapa, mimi nasema friza ndogo ya mtumba ni nafuu kuliko ugomvi. Panya wa kwenye barafu nao hubeba salmonela. Yeyusha ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye chombo chake mwenyewe, maji baridi kwanza, halafu ya moto kiasi mpaka panya awe vuguvugu. Kamwe si maikrowevu. Hupasuka, na utanikumbuka. Unene wake usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Mlishe kwa koleo la sentimita 30, mtoto akiwa nyuma yako. Usimpe panya hai. Panya aliyekatiwa njia huuma, na nyoka wengi hubaki na makovu ya namna hiyo.

Kuosha: si bafuni, si sinki ya jikoni. Nunua beseni na brashi zisizofanya kazi nyingine, maji machafu yamwagwe chooni. Sabuni kwanza, kwa sababu jiki juu ya uchafu haifanyi kazi. Kisha sehemu 1 ya jiki kwa 10 za maji, acha dakika 10, suuza, kausha mpaka harufu iishe ndipo nyoka arudi. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu.

Kizimba cha nyoka mzima ni sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Upande wa joto nyuzi 30 hivi, wa baridi 22 hadi 24, na pa kujificha pande zote mbili. Kinachoharibika mara nyingi ni kihisi cha thamostati, kifaa kinachodhibiti joto. Mtoto anakivuta, kinatua upande wa baridi au ndani ya bakuli la maji, na mkeka wa joto unaendelea kupanda kwa kuwa unaambiwa bado kuna baridi. Nyoka hulala hapo hapo mpaka tumbo liungue. Kihisi kikazwe kwa vishikizo vya skrubu, si kwa selotepu, ambayo hung'oka na kunasa magamba. Milango ya kioo ipate kufuli, na ufunguo uwe juu kuliko kimo cha wa miaka 8 akiwa juu ya kiti.

Akitoroka, tafuta penye joto: nyuma ya friji, chini ya bomba la redieta. Usiku nyunyiza unga wa ngano kwenye vizingiti. Asubuhi utasoma ameelekea wapi.

Kutoka: Mwalimu (Nakuru, hajaondoka)

Nimewasoma kimya, ila kuna jambo mnaliruka. Desemba watoto hawa watakuja nyumbani.

Mtoto aliyezoea chatu wa mpira anajua nyoka mfupi, mnene, wa kahawia mwenye mabaka, mpole. Sasa nielezeni bafe anafananaje. Mfupi, mnene, mabaka, na hakimbii. Hutegemea rangi yake na kulala kwenye njia. Mtoto atakunjua viganja vile vile mlivyomfundisha. Na bafe huzaa watoto hai, ambao wana sumu tangu siku ya kuzaliwa, kwa hiyo "ni kadogo tu" haisaidii. Swila atemaye mate hulenga macho akiwa umbali wa mita 2 au zaidi, na mtoto aliyeinama achungulie amempelekea macho. Wa upande wa Kakamega wana msitu wenye fira, moma na hata mamba wa mitini (nyoka wa sumu, si mamba wa mtoni). Wa Baringo wana yule nyoka mdogo wa sumu anayesugua magamba yakalia kama kikaango.

Mfundisheni kabla ya kupanda ndege, kwa sheria isiyohitaji kutambua aina: nyoka aliye nje ya kizimba hana mwenyewe, haguswi, hata aliyekufa, kwani kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Anasimama, anarudi nyuma hatua kwa hatua, anaita mkubwa. Usiku viatu na tochi. Mikono haiingii kwenye rundo la kuni. Wa kando ya ziwa, kenge ni mjusi lakini si yule wa Australia: mkia wake huchapa kama kiboko na kuuma kwake ni kwa nguvu.

Akiumwa, alazwe na atulizwe, vua bangili na viatu, funga kibao kwenye kiungo kisisogee, andika saa, na safari ya hospitali ianze. Piga simu njiani kuuliza kama dawa ya sumu ipo, usije ukafika ukaambiwa mwende mbele. Hakuna kuchanja, kunyonya, kukaza kamba, jiwe jeusi wala mafuta ya taa. Mate ya swila machoni: maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, asisugue, kisha hospitali.

Na mwambieni asibishane na nyanya yake. Nyanya wa Nyakach anaweza kumheshimu chatu kwa ajili ya Omieri, yule chatu wa imani za huko, akaua kila nyoka mwingine anayemwona. Mtoto wa Leeds hakuja kumhutubia. Akitaka kuona nyoka, bustani za nyoka ziko Makumbusho ya Kisumu na ya Kitale.

Kutoka: Mfugaji

Mwalimu amesema kweli, nilipaswa kuanza na bafe. Niongeze: asirudi na kinyonga kwenye begi. Kinyonga hana sumu, waseme wanavyosema kijijini, lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS (shirika la wanyamapori Kenya) hata kumfuga tu, na kumvusha mpaka kunahitaji cheti cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Kobe wa shambani vivyo hivyo.

Kutoka: Mama Wawili

Tumeahirisha hadi Machi, wa pili atakapotimiza 5. Kizimba tutakinunua sasa, kizoee kuwaka bila nyoka. Fundi, kufuli ya kioo ya ukubwa gani?

Kutoka: Fundi wa vizimba

Pima unene wa kioo kwanza, vingi ni milimita 4, na uhakikishe ulimi wa kufuli unapita kati ya vioo viwili bila kuvisukuma. Ukiwa mnene mno unaacha mwanya mwisho wa reli, na nyoka hupita popote kichwa kinapopita. Washa joto wiki mbili, soma kipimajoto asubuhi na usiku, uniandikie namba.