Majirani Wote: Nyumba ya Baraza

JUMATATU

Mama Salma 06:12
Habari za asubuhi majirani. Nakumbusha kwa mara ya mwisho. Maoni ya maandishi kuhusu Nyumba ya Baraza yanapokelewa mpaka Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Anayetaka ibomolewe aandike, anayetaka ibaki aandike. Kelele za humu ndani hazihesabiwi kikaoni.

Mama Salma 06:13
Kwa barua yetu ya kutaka ibaki nataka vitu vitatu: picha za zamani, vipimo, saini. Picha hata ya harusi, mradi ukuta unaonekana nyuma yenu.

Baba Rehema 09:40
👍

Mama Salma 09:41
Baba Rehema, hiyo 👍 ni picha au ni saini?

Baba Rehema 13:05
Nimeona ujumbe.

Jirani Mpya 13:20
Samahani, mimi mgeni. Nyumba ya Baraza ndiyo ipi? Ile yenye bango la mwekezaji?

Fundi Omari 13:22
Ile unayoegesha gari mbele yake kila siku 😂

Jirani Mpya 13:22
Aah. Samahanini sana.

Mama Salma 13:25
Usijali. Saini basi.

Kijana wa Ramani 17:48
Shikamooni. Nimesoma masuala haya chuoni kidogo. Tusidhani jengo likishaandikwa kuwa urithi ndiyo limepona. Julai 2021 UNESCO iliifuta Liverpool kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya majengo mapya ya bandarini, na uwanja mpya wa Everton ukiwa mmojawapo. Kabla yake Dresden ya Ujerumani ilifutwa 2009 kwa ajili ya daraja.

Baba Khamisi 17:49
Subiri. Everton ndio walioifutisha Liverpool?

Kijana wa Ramani 17:50
Uwanja wao ulikuwa sehemu ya hoja, ndiyo.

Baba Khamisi 17:50
Hatimaye wameshinda kitu 🤣🤣🤣

Fundi Omari 17:51
🤣 ushindi wa ugenini

Baba Khamisi 17:53
Naomba hiyo iandikwe kwenye barua

Mama Salma 18:10
Nimetoka jikoni nikakuta jumbe arobaini nikafurahi. Kumbe mpira. Saini ni TATU. Mimi, mume wangu, na huyu jirani wa gari.

JUMANNE

Mama Salma 07:02
Kuna jambo jipya. Mwekezaji amesema anaweza kubakiza ukuta wa mbele na mlango, ghorofa zipande nyuma yake. Mnaonaje?

Baba Khamisi 07:30
Si mbaya. Sura inabaki, na vijana wanapata pa kupanga.

Kijana wa Ramani 07:41
Hiyo ni kumchuna mzee uso ukamvalisha kijana. Vyumba, ua, ngazi, namna upepo unavyopita mle ndani, vyote vinakwenda. Kinachobaki ni pambo la barabarani.

Baba Khamisi 07:44
Kwani hata tukiivunja hatuwezi kuijenga upya ilivyokuwa? Nimesikia Warszawa, kule Poland, walifanya hivyo.

Kijana wa Ramani 07:52
Walifanya, baada ya vita, na UNESCO ikauandika mji wao wa kale 1980. Lakini walikuwa na vipimo vilivyochukuliwa kabla, na michoro ya Bernardo Bellotto ya karne ya 18 inayoonyesha mitaa dirisha kwa dirisha. Sisi tuna nini?

Mama Salma 07:53
AHSANTE. Ndiyo maana naomba picha.

Mama Salma 12:15
Picha?

Mama Salma 15:40
Nawaona mnasoma. Watu hamsini na wawili mmesoma.

Fundi Omari 19:20
Mimi nitasema la ufundi. Ile ripoti ya mwekezaji inasema ukuta "umechoka". Haukuchoka, umezibwa. Ukuta ule ni wa mawe na chokaa. Chokaa inapumua, unyevu unaopanda kutoka ardhini unatokea pale pale juu ya ukuta unakauka. Ukishapiga plasta ya saruji, maji hayana pa kutokea. Yanakaa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, jiwe linaanza kumung'unyika. Kwa nje unaona ukuta mzuri umenyooka. Bisha kwa kidole usikie unavyolia mtupu.

Jirani Mpya 19:24
Kwa hiyo unatibika?

Fundi Omari 19:29
Bangua saruji yote, taratibu, kwa tindo si kwa nyundo kubwa. Acha ukuta ukauke, hilo si la wiki moja. Kisha upake chokaa iliyolowekwa ikaiva. Boriti ni habari nyingine, lazima mtu apande juu azigonge moja moja. Sisemi itakuwa rahisi. Nasema ripoti imeandika ugonjwa ikaruka dawa.

Mama Salma 19:31
Hayo hayo Fundi, niandikie kwenye karatasi uweke na jina lako.

Fundi Omari 19:33
Nitaandika. Ila aliyepiga ile saruji tunamjua.

Baba Rehema 19:34
Fundi.

Fundi Omari 19:34
Nimesema tu.

Baba Rehema 19:41
Kamati ilikubali. Mvua zilikuwa mlangoni. Na wewe ulikuwepo, ulikaa karibu na dirisha, hukufungua mdomo.

Fundi Omari 19:43
Nilifungua. Nikaambiwa chokaa ni mambo ya kizamani. Na tulichanga kwa ajili ya chokaa, Baba Rehema, si saruji.

Baba Khamisi 19:44
Mkimaliza hilo mje na la kisima 👀

Mama Salma 19:44
Baba Khamisi usithubutu

Baba Rehema 19:50
Kila nikizungumza linaletwa la kisima. Miaka yote. Haya, kisima nilikifukia mimi, mlango niliuchakaza mimi, na hilo bango pia nimeliweka mimi.

Jirani Mpya 19:52
Kisima kipi?

*(Hakuna aliyejibu.)*

JUMATANO

Mama Salma 06:30
Tumeamka salama. Jana tuliache jana. Saini ni kumi na moja.

Kijana wa Ramani 08:15
Mama, kwenye barua tusiishie kuomba iandikwe urithi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo kwenye orodha tangu 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, nyumba ya 1883, iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Tuulize pia nani atagharimia matengenezo na nani atayasimamia.

Fundi Omari 08:20
Umenena. Orodha haishikilii boriti.

Bi Mkubwa 10:47
Ni mimi mjukuu wake, naandika anavyosema Bibi. Amesema nisipunguze neno.

Bi Mkubwa 10:55
Mama Salma mwanangu, nimesomewa yote. Ndani ya nyumba ile zinaishi kaya nne. Hakuna hata mtu wao mmoja humu mnamozungumza. Mvua ikinyesha wanahamisha magodoro, nyinyi mnatafuta picha za harusi. Mwekezaji hakuwauliza, na nyinyi hamkuwauliza. La kisima: aliyeamuru kifukiwe ni marehemu mume wangu, baada ya yule mtoto. Baba Rehema alishika koleo kwa sababu alitumwa. Muacheni. Saini yangu sitoi mpaka nijue watu wale watalala wapi, nyumba ikibaki au ikiondoka.

Jirani Mpya 11:30
🙏

Fundi Omari 11:52
Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesikia. Baba Rehema, nitakupigia.

Mama Salma 12:40
Shikamoo Bibi. Umesikika.

Mama Salma 12:58
Nani ana namba ya mtu anayeishi mle?

Mama Salma 13:30
Kweli hakuna?

Fundi Omari 13:34
Ninayo ya yule wa chumba cha nyuma, haipatikani.

Mama Salma 13:36
Basi tunakwenda kwa miguu. Leo saa kumi na moja jioni. Tunawauliza kwanza, vipimo baadaye. Nani anakuja?

Jirani Mpya 13:40
Nakuja. Nina kipimo cha leza pia. Nabisha mlango wa mbele?

Fundi Omari 13:41
Wa pembeni. Wa mbele hawautumii, fremu imeng'ang'ania.

Kijana wa Ramani 13:50
Nina mtihani, ila rasimu ya barua natuma usiku. Niache nafasi ya maneno ya wapangaji?

Mama Salma 13:51
Acha ukurasa mzima.

Baba Khamisi 14:20
Na wakisema wao wanataka ibomolewe, walipwe wahame?

Mama Salma 14:33
Tutayaandika.

Baba Khamisi 14:33
Na hizi saini kumi na moja za kutaka ibaki?

Mama Salma 14:45
Baba Khamisi, tufike huko kwanza.

Baba Rehema 14:58
Yangu ni ya saba. Itoe kwanza. Nitakuja hiyo saa kumi na moja, wakishasema wao ndiyo nitajua niweke wapi.

Mama Salma 14:59
Ijumaa ni keshokutwa Baba Rehema!

Baba Rehema 15:20
Naijua.