Reki na pinioni ya geti la kusukuma: hataza BRELA, cheti cha matumizi, ARIPO, au ninyamaze niuze?

FundiMbagala
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo Mbagala na kazi yangu kubwa ni mageti ya kusukuma ya mota. Aliyefunga mageti haya huku pwani anaijua shida: roli za chini zinalika, mchanga unajaa kwenye reli, geti linashuka milimita chache na reki (upau wenye meno uliofungwa kwenye geti) inailalia pinioni (gia ndogo ya mota inayousukuma). Uzito wa geti unahamia kwenye shafti ya mota na beringi haidumu. Ndiyo maana maelekezo ya mota nyingi yanataka uache nafasi ya milimita 1 hadi 2 kati ya reki na pinioni. Ukiacha nafasi kubwa zaidi, meno yanashikana kwa ncha na yanaruka.

Mimi na kijana wangu tumetengeneza reki ya vipande. Kila kipande kinaning'inia kwenye geti, na geti likishuka au likirukaruka kipande chenyewe kinabaki kimekaa juu ya pinioni. Meno ni yaleyale ya kawaida, moduli 4 (kipimo cha ukubwa wa jino). Tumefunga moja Kibada kwenye geti la kilo 600 na huu ni mwezi wa tatu bila mteja kuniita.

Miaka ya nyuma nilibuni komeo la geti. Kampuni moja ikaja kama mteja, ikaagiza moja tu, baadaye nikaliona komeo langu kwenye mageti yao. Sitaki yanikute tena. Naomba mnilinganishie: hataza (haki ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako) ya BRELA, ofisi yetu ya usajili, cheti cha matumizi (kinga ndogo kuliko hataza), ARIPO, shirika la Afrika la mambo hayo, au niuze haraka kabla wengine hawajaamka? Sabasaba inakaribia na nimeshaomba nafasi ya kuionyesha.

DadaHati
Kaka, nimefanya kazi ya kuandaa maombi ya hataza, kwa hiyo naomba unisikilize kabla ya wengine: usiandike hapa neno jingine kuhusu namna kipande kinavyoning'inia. Usiweke picha wala video. Jukwaa hili linasomwa na kila mtu, na kitu kilichokwisha kuwekwa hadharani kinahesabika kuwa kimejulikana, hata aliyekiweka akiwa ni wewe mwenyewe.

Sabasaba nayo isubiri mpaka uwe umewasilisha maombi. Itifaki ya Harare, inayotumiwa na ARIPO, ina msamaha wa miezi 6 kwa mambo machache, kama mtu kukuibia au kuonyesha kwenye maonyesho yanayotambuliwa rasmi. Nchi nyingine zina masharti yao. Kujenga mpango mzima juu ya msamaha huo ni kulala mlango wazi.

Sasa nijibu: geti la Kibada, mtu akisimama barabarani anaona nini?

FundiMbagala
Dada, haoni mtu kitu. Kuna kava ya bati imefungwa kwa skrubu urefu wote. Mteja ni shemeji yangu, anajua ni majaribio, ila hatukuandikiana chochote.

DadaHati
Kava inasaidia, lakini mwambie wakala wako wa hataza ukweli wote kuhusu Kibada. Na mwandikie shemeji karatasi ya kutunza siri leo hii, itaje kwamba tangu mwanzo mlikubaliana ni majaribio, kama ndivyo ilivyokuwa. Usirudishe tarehe nyuma. Geti la pili lisifungwe popote.

MzeeWaGerezani
Vijana, mimi ni fundi magari tangu enzi za Peugeot 504. Fungua reki ya usukani ya gari lolote dogo: nyuma ya reki kuna plagi, ndani ya plagi springi, na springi inasukuma kipande kinachoibana reki ikae kwenye pinioni bila kuchezacheza. Kazi yake ni hiyohiyo anayoisema fundi. Sasa mkaguzi wa hataza akisema "hili lipo kwenye kila gari pale Ilala", utamjibu nini? Sisemi kwa kukukatisha tamaa, mwanangu. Nataka uende ukiwa umejiandaa.

NyuziIshirini
Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Reki na pinioni kwa ujumla wake haina mwenyewe. Mwaka 1811 John Blenkinsop alipata hataza Uingereza ya reli yenye meno, na mwaka uliofuata injini ikavuta makaa ya mawe kule Leeds kwa gurudumu la meno. Kwa hiyo anayeandika "nadai reki inayozungushwa na pinioni" amepoteza ada yake. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1882 Roman Abt wa Uswisi alipata hataza kwenye jambo hilohilo la zamani, kwa sababu aliweka reki mbili au tatu sambamba, meno ya moja yakipishana na ya nyingine, ili wakati wote kuwe na jino lililoshika. Karne ya 20 Arthur Bishop wa Australia akapata hataza za reki ya usukani ambayo meno yake hayalingani, hivyo mkunjo wa usukani katikati unatofautiana na wa pembeni. Wote walidai tofauti waliyoileta. Hakuna aliyejaribu kudai jino lenyewe.

Kwako wewe swali ni mawili. La kwanza ni upya: je, kuna andiko moja au kifaa kimoja duniani chenye viungo vyote unavyovidai? Reki ya usukani ya mzee haina vipande wala hainingʼinii, kwa hiyo peke yake haikuui hapo. La pili ni hatua ya uvumbuzi, na hapa mkaguzi anaruhusiwa kuunganisha vitu viwili. Atachukua springi ya mzee, atachukua reki za geti zinazouzwa kwa vipande vya mita moja, atauliza kama fundi wa kawaida angeviunganisha bila kuumiza kichwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizima madai (sehemu ya hataza inayotaja kinacholindwa) ya pedali ya gari kwa hoja ya namna hiyo, kesi ya KSR na Teleflex: vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ya siku zote. Hukumu hiyo haitufungi sisi, ila wakaguzi wengi wanafikiri hivyo.

Halafu nina pingamizi la kihandisi. Meno ya kawaida yana pembe ya mgandamizo (mwinamo wa ubavu wa jino) ya nyuzi 20. Pinioni ikisukuma reki kwa newtoni 600, kuna nguvu ya kuitenga ya karibu newtoni 218, kwa kuwa tanjenti ya 20 ni 0.364. Ni sawa na mtu kuinua kilo 22 kutoka chini. Kipande chako kina kilo ngapi? Kama kinakaa kwa uzito wake tu, siku mchanga ukikwamisha geti kitarushwa juu na meno yataruka. Nashangaa Kibada imefika mwezi wa tatu.

FundiMbagala
Mhandisi, kipande hakifiki kilo 2. Na ulichosema kilitutokea kweli, cha kwanza kiliruka siku ya kwanza mpaka tukazima mota kwa kukimbilia swichi. Tukataka kuweka springi kama ya mzee, kutu ya chumvi ikaimaliza. Tulichofanya baada ya hapo sitakiandika, nimemwelewa dada. Nasema matokeo tu: sasa mota ikivuta kwa nguvu zaidi, kipande kinakaa chini zaidi. Kwenda na kurudi, pande zote mbili. Hakuna springi.

NyuziIshirini
Kama ndivyo, nafuta nusu ya niliyoyasema. Kila mwenye kitabu cha gia anatarajia nguvu ikizidi reki ipande. Yako inashuka. Hiyo ndiyo tofauti yako, na hiyo ndiyo ya kuandikwa kwenye madai. Vipande na kuningʼinia ni mazingira tu. Nenda nayo na vipimo: funga mizani kwenye geti, vuta kwa nguvu tofauti, andika mwanya wa meno kila mara. Fanya pia ile ya kwanza iliyoruka, kwa mota ileile. Jedwali la namna hiyo lina uzito kuliko maneno yangu yote.

KariakooDirect
Ndugu zangu, naheshimu elimu yenu ila mimi ni mtu wa soko. Hataza ni ada ya kuwasilisha, ada ya wakala, na ada ya kila mwaka kuitunza. Baada ya hapo ukiibiwa, kesi unaifungua mwenyewe kwa gharama yako. Fundi wa Mbagala atamshitaki nani? Asajili jina na alama ya biashara, atengeneze seti 100, azisambaze kabla ya wengine hawajajua. Namna anavyokata chuma abaki nayo siri.

DadaHati
Kaka wa Kariakoo, kuhusu gharama ya kesi uko sahihi, na nimeona watu wenye cheti ukutani wasio na nguvu ya kwenda mahakamani. Kuhusu siri ndipo siafiki. Siri inafaa kwa kitu ambacho mnunuzi hawezi kukiona, kama mchanganyiko wa rangi. Hii reki mtu anafungua kava kwa bisibisi na ndani ya dakika kumi ameshachora. Alama ya biashara italinda jina, umbo la kipande halitalindwa.

Sasa niseme ulinganisho wenyewe kama ninavyouona kwa fundi huyu.

Cheti cha matumizi kipo kwenye Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa 1987. Kinataka kitu kiwe kipya na kifae viwandani. Hatua ya uvumbuzi hakidai. Kwa reki yenye vipande vinavyoningʼinia tu, bila hicho alichokificha, ningemwambia aishie hapo. Muda wake ni mfupi kuliko hataza, lakini unatosha kwa bidhaa ambayo baada ya miaka michache utakuwa umeshaibadilisha mwenyewe.

Hataza ya taifa inadai vyote vitatu: upya, hatua ya uvumbuzi, kufaa viwandani. Baada ya maelezo ya mhandisi naona anayo hoja. Akumbuke tu BRELA ni Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, na kule mageti na chumvi vipo pia.

ARIPO, yenye makao Harare, inakupa ombi moja unalotaja ndani yake nchi unazotaka: Kenya, Uganda, Zambia, Msumbiji na nyingine, pamoja na Tanzania yenyewe. Wanakagua kwa undani, na nchi uliyoitaja ina miezi 6 ya kukataa. Ikipita, hataza ni ya miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha. Ada inaongezeka kwa kila nchi, kwa hiyo usitaje nchi ambayo huna mpango wa kuuza wala huna mshindani. PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, ambao tumo tangu 1999, ni kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, China au Ulaya. Haitoi hataza, inakununulia muda wa kuamua, kwa nchi nyingi miezi 30. Kwake sioni haja leo.

Ningekuwa yeye ningewasilisha hapa kwanza, haraka, kwa maelezo kamili na michoro yenye vipimo. Tarehe hiyo inampa miezi 12 ya kipaumbele. Ndani yake auze, aone soko la Nairobi linasemaje, halafu ndipo aamue ARIPO. Sabasaba aende akiwa na namba ya ombi mkononi. Pesa kidogo aliyonayo aimalizie kwa mwandishi mzuri wa madai, maana dai likiandikwa "kwa springi au uzito" wakati yeye hatumii springi, jirani atampita kando.

BiNuru_Kigamboni
Nyongeza kwa fundi: tafuta mwenyewe kwanza, ni bure. Patentscope na Espacenet, hifadhi za hataza mtandaoni, zote zinakubali kutafuta kwa alama za uainishaji. Reki za kugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi ziko F16H 19/04, milango ya kusukuma kwa reki angalia E05F 15/635. Tazama michoro, lugha isikutishe. Nilitafuta hivyo kabla ya kupeleka mashine yangu ya kukuna nazi, nikakuta mtu ameshaifanya kitambo. Nililia, lakini niliokoa ada.

FundiMbagala
Nimekesha nayo, Bi Nuru, asante sana. Nimeona za springi nyingi, nimeona moja ya vipande inayofanana na jaribio letu la kwanza. Ya kushuka mota ikivuta sijaiona. Sabasaba nimeshawapigia kuwaambia nasubiri. Shemeji amesaini.

MzeeWaGerezani
Vizuri. Swali la mwisho kutoka kwangu, maana nimewahi kuona undugu ukivunjika. Kwanza ulisema "mimi na kijana wangu". Hilo la kushuka, nani aliliwaza?

FundiMbagala
Mzee, ni yeye. Alikuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo kutoka VETA Changʼombe. Mimi nilikuwa nabishana na springi, yeye akachora kwa chaki sakafuni.

DadaHati
Basi jina lake liwe kwenye fomu kama mvumbuzi, na mwandikishane haki zenu kabla ya kuwasilisha. Wazo la vipande ni lako, wazo la pili ni lake, mnaingia wawili.

FundiMbagala
Nimempigia sasa hivi. Yuko Tandika kwa mama yake, anakuja Jumamosi asubuhi. Chaki yake bado ipo sakafuni, nimeifunika kwa turubai.